Hewa ya Handakini

Mdogo wangu Aarni ni mtu mwangalifu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mzembe ningeshamzoea. Kazi yake ni kutengeneza lifti, na huko kazini hagusi waya mpaka azime umeme, apime, kisha apime tena. Nyumbani kwake hata mswaki una mahali pake. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejifungia kwenye chumba kisichopitisha hewa, anamimina nitrojeni, Jumamosi mchana, majirani wakiwa wanaoga ng'ambo ya korido.

Chumba chenyewe ni handaki. Chini ya jengo letu hapa Tampere, kama ilivyo chini ya majengo mengi, kuna handaki la kujikinga siku vita vikija. Kuta zake ni nene na mlango wake ni wa chuma, una mpira pande zote na mikono miwili ya kuukazia, inayoshikika ndani na nje, ili gesi ya adui isiingie. Vita havijaja, kwa hiyo watu wanaweka humo baiskeli, na ski, zile mbao za kutelezea thelujini, za watoto waliokwisha kuota ndevu. Kamati ya jengo ilimpa Aarni kona ya nyuma afanyie mambo yake. Kabla yake walikuwa humo wastaafu wanne waliokuwa wakipiga muziki wa tango vibaya sana, kwa hiyo aliposema yeye anataka kucheza na kompyuta tu, walimpigia kura kwa shangwe.

Mambo yake ni haya: anachukua prosesa, kile kijipande ambacho ndicho bongo la kompyuta, na kuikimbiza kupita kasi aliyoipanga mtengenezaji. Kuikimbiza ni kuiongezea umeme, na umeme ukizidi joto linapanda, na joto likipanda prosesa inakufa. Basi shughuli yote ni kuipoza. Watu wa kawaida wanatumia feni, wenye tamaa wanatumia maji. Watu wa aina ya Aarni wanasimamisha kikombe cha shaba juu ya prosesa na kukimiminia nitrojeni ya majimaji, baridi ambayo ikikaa kwenye kidole kidole hicho unakisahau. Humo ndani nitrojeni inachemka, inageuka gesi na kutoka kama ukungu. Wapo wengi wenye wazimu huo, wanashindana kwa mtandao nchi kwa nchi, na hapa kwetu wanaheshimiwa kama warukaji wa ski.

Nilipokubali kuwa msaidizi wake, Aarni alinikalisha chini akanifundisha hatari moja moja, kisha akanitaka nizirudie kama mtu anayetahiniwa leseni. Hiyo ndiyo leseni pekee niliyowahi kubabaika nayo, na mimi naendesha tramu, treni ya barabarani. Mfuniko wa mtungi wa nitrojeni usikazwe, maana gesi isipopata pa kutokea mtungi utapasuka. Glavu ziwe pana, ili zikimwagikiwa uzirushe mara moja. Miwani isivuliwe. Lakini kubwa kuliko zote ni mlango. Hewa tunayovuta kila siku sehemu yake kubwa ni nitrojeni hiyo hiyo, kwa hiyo mwili hauishtukii. Haina harufu, haiwashi macho, haikabi koo. Inajaza chumba tu na kuisukuma oksijeni nje, na aliyemo hajui. Anasikia uchovu kidogo, pengine raha kidogo, kisha anaanguka. Lita moja ya majimaji yale inakuwa gesi ya kujaza kabati zima la nguo, na sisi tulikuwa tunamimina mtungi baada ya mtungi.

"Mlango ukifungwa tumekufa," aliniambia. "Na ukinikuta nimelala, usinikimbilie kama mama kuku. Wengi wanaokufa ni wale wanaokwenda kuokoa."

Nilimwambia asinitishe. Akasema anataka nitishike.

Jumamosi hiyo ya Novemba mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, ile mvua isiyotaka kuwa theluji wala kuacha. Mashindano yalikuwa yanafungwa jioni. Aarni alikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa Mswidi mmoja wa Luleå aitwaye Hjalmar, ambaye kila nusu saa alikuwa anaandika upuuzi kwenye ukurasa wa mashindano. Mara ya mwisho alimwandikia Aarni, "Kaka, leo Jumamosi, nenda sauna ukapumzike." Kushindwa na Mjerumani kunavumilika. Kushindwa na Mswidi, nyumbani kwetu, ni jambo la kuhamia mji mwingine.

Na kweli ilikuwa siku ya sauna. Sauna ya jengo, chumba cha mvuke cha kuogea jasho, iko korido hiyo hiyo ya chini, mkabala na handaki, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya alasiri ni ya Helvi wa ghorofa ya pili, mjane aliyepita miaka sabini, ambaye anamwaga maji juu ya mawe kama anayezima nyumba inayoungua. Akishaiva anatoka, anakaa kwenye benchi la korido amejifunga taulo, anafungua bia yake, na mvuke unamfuata mlangoni kama mkia.

Mvuke huo ndio uliokuwa adui yetu. Kitu kikiwa na baridi kiasi kile, unyevu wowote uliomo hewani unakwenda kukigandia. Barafu ikiyeyuka inakuwa maji, na maji yakiingia kwenye bodi ya kompyuta yanachoma kila kitu. Aarni alikuwa ameipaka bodi yote vaselini na kuzungushia kikombe karatasi za jikoni, lakini unyevu wa Helvi ulipenya. Mashine ilizimika mara ya kwanza tukiwa tumemkaribia Mswidi. Tukaikausha, tukaanza upya. Ikazimika tena.

Halafu kulikuwa na kengele. Tulikuwa na kidude kidogo kinachopima oksijeni. Hewa ikiwa nzuri kinawaka taa ya kijani, ikipungua kinapiga kelele za kukera mpaka kwenye meno. Kilikuwa kimetundikwa karibu na meza, na kila nilipomimina, ukungu ulikipitia kikaanza kulia, ingawa mlango ulikuwa wazi na feni inazunguka. Aarni akasema kinamlilia masikioni wakati anahitaji kufikiri. Akakiondoa, akakitundika kwenye mwimo wa mlango, upande wa korido. Tulikuwa na mlango wazi na feni, na kidude kilikuwa hatua chache tu kutoka tulipo. Sikuona ubaya wowote.

Ilipozimika mara ya tatu, maji yalikuwa yanang'aa chini ya kikombe. Aarni akaniomba nipande nyumbani kwangu nikalete mashine ya kukaushia nywele. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa ameanza kuongea na prosesa, anaibembeleza kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa.

"Usimimine chochote mpaka nirudi," nikamwambia. "Na mlango uache hivyo hivyo."

"Dada, sheria hizo nimekutungia mimi."

"Ndiyo maana nakukumbusha. Watunga sheria ndio wezi wakubwa."

Akacheka, nikaenda.

Mashine ya nywele haikuwa bafuni. Haikuwa chumbani. Nilipekua kila droo huku nikitukana, mpaka nikakumbuka iko kwenye mkoba wa kuogelea, na mkoba wenyewe uko kwenye gari. Nikashuka uani, nikalowa, nikarudi kwa mlango wa nyuma. Nasema haya ili ijulikane muda ulikokwenda, maana baadaye kila mtu aliniuliza.

Nilipofika korido ya chini nilimkuta Helvi kwenye benchi, bia mkononi, miguu ndani ya ndala za plastiki, uso mwekundu wa furaha. Mlango wa handaki ulikuwa umefungwa. Haukuegeshwa tu: mikono yote miwili ilikuwa imekazwa.

"Kafunga mwenyewe," Helvi akasema. "Eti mvuke wangu unamharibia rekodi. Nikamwambia mwanangu, mimi jasho kavu sijui linatokaje."

Niliuliza amefunga lini. Helvi akasema wakati huo yeye alikuwa kwenye benchi hilo hilo, kisha akaingia kuoga duru moja, ndefu ndefu, na sasa ametoka. Kwenye mwimo, upande wetu, kile kidude kilikuwa kinawaka taa ya kijani, kimetulia kabisa. Kilikuwa kinapima hewa ya Helvi.

Niligonga chuma kwa ngumi nikajua ninajiumiza bure, mlango ule umejengwa usisikie bomu. Nikashika mkono wa juu nikauvuta kwa uzito wangu wote, kisha wa chini. Mpira ukabanduka kwa sauti ya kufyonza, na ukungu wa baridi ukatoka chini ukanipita vifundoni.

Aarni alikuwa mezani. Alikuwa amekaa, kichwa amekilaza juu ya mkono kama mwanafunzi aliyesinzia, na mkono mwingine umening'inia, glavu imeanguka. Nilimwita. Nilimwita tena kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Hakutikisika.

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani nilipojizuia. Sijui kama nilikumbuka maneno yake au niliogopa tu, lakini nilirudi nyuma nikashika ukuta. Kila kiungo kilikuwa kinataka kukimbia. Nikamtupia Helvi simu yangu nikamwambia apige mia moja kumi na mbili, namba ya dharura, aseme nitrojeni, aseme mtu hapumui, na kwamba kwa vyovyote vile asiingie humo na mlango usijifunge. Helvi akaweka bia chini. Akapiga simu huku amesimama kwenye kizingiti ameuzuia mlango kwa mgongo, taulo limemwanguka wala hakulishughulikia.

Nikavuta pumzi ya korido mpaka kifua kikauma, nikafunga mdomo, nikaingia.

Kutoka mlangoni hadi mezani ni mwendo mdogo, lakini unapita katikati ya baiskeli, na mtu asiyepumua anajikwaa. Nilimkamata kwapani nikamvuta. Kiti kikaja naye. Mguu wake ulikuwa umejinasa kwenye nyaya za chini ya meza, na nilipoinama kuunasua, macho yangu yakawa sawasawa na kioo cha kompyuta.

Namba ya kasi ilikuwa pale. Alikuwa amempita Mswidi, tena amempita kwa mbali, na mashine bado ilikuwa inakwenda, kikombe kinatoa moshi wa mwisho mwisho. Kulikuwa na kidirisha kinachouliza kama matokeo yahifadhiwe. Kidole kimoja tu kwenye kibao cha herufi na yote yangekwenda kwa waamuzi. Kibao kilikuwa karibu na mkono wangu kuliko mguu wa Aarni.

Nikanasua mguu. Kiti kikaanguka, naye akaanguka juu yangu, mzito kama gunia lililolowa. Nikamburuta. Tulifika kwenye baiskeli kifua changu kilipoanza kupiga chenyewe kwa ndani, kinataka kufunguka, na madoa meusi yakaanza kucheza pembeni mwa macho. Nilijua nikivuta pumzi moja tu hapo nitalala kando yake, na Helvi, pamoja na yote niliyomwambia, atatufuata.

Nikamwachia. Nilimlaza sakafuni, kichwa chake kikagonga simiti, nikamruka nikatoka.

Nimezaa watoto wawili na nimemzika mama yangu, lakini sijawahi kufanya jambo gumu kama kumpa mgongo mdogo wangu na kwenda kupumua. Nilisimama koridoni nikivuta hewa yenye harufu ya bia na majani ya mbetula wanayojipigia saunani, hewa tamu kupita kiasi, na kila pumzi niliona ninamwibia.

"Umemwacha?" Helvi akaniuliza. Simu ilikuwa sikioni.

"Nakwenda tena."

"Basi nenda."

Nikaenda. Mara hii nilimshika miguu, maana ndiyo iliyokuwa karibu, nikamtoa kinyumenyume kama mtu anayetoa zulia. Helvi akaupokea mguu mmoja kizingitini bila kuacha kuongea na simu, na kwa pamoja tukamfikisha kwenye vigae vya korido, kando ya benchi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Sauti ya simuni ikatuambia la kufanya, nami nikalifanya: nikaweka mikono kifuani pake nikagandamiza, nikampulizia mdomoni, nikagandamiza. Nyuma yangu, ndani ya handaki, nikasikia feni za mashine zikipiga kelele, kisha zikanyamaza. Kikombe kilikuwa kimekauka. Namba ilikuwa imepotea.

Alipovuta pumzi ilikuwa mbaya, kama mtu anayekoroma ndani ya maji, lakini ilikuwa yake. Helvi akamfunika kwa taulo, akakaa chini kwenye vigae vya baridi, uchi kama alivyozaliwa, akamshika mkono mpaka watu wa gari la wagonjwa walipokuja.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakaniambia twende taratibu, ubongo wenyewe ndio utakaosema umeumia kiasi gani. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Nilimchukia kwa utulivu wake. Nilikaa pale mpaka waliponifukuza, nikarudi nyumbani nikajitupa kitandani na viatu.

Asubuhi, kabla ya kwenda kumwona, nilishuka handakini. Nilikuwa nimepanga mapema nitakachofanya, wala sikutaka mtu anishauri. Prosesa ile ilikuwa ya pekee. Aarni alikuwa amejaribu nyingi sana za aina hiyo hiyo kabla ya kuipata, maana hazizaliwi sawa, na hiyo alikuwa akiiita Binti Mfalme. Hapana nyingine ambayo ingefika ilikofika ile. Niliichomoa, nikaiweka kwenye jiliwa, lile koleo la mezani ambalo watu wanatumia kubania ski, nikakaza mpaka ikapiga mlio. Kilikuwa kitu kidogo kama biskuti. Nilikaza tena, kwa hasira, mpaka vipande vikaruka.

Nilimkuta Aarni amekaa kitandani, anakula uji. Alinitambua. Alinitajia jina langu, Terhi, kabla sijamwuliza, akaona uso wangu akasema nisilie, uji wenyewe unatosha kuliza. Lakini ajali ya jana hakuikumbuka hata chembe. Alikumbuka ananituma mashine ya nywele, kisha giza. Hakukumbuka kufunga mlango. Nilipomwambia kuwa aliufunga yeye, aligeuka akaangalia dirisha.

Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza. "Tulifika ngapi?"

Tangu usiku nilikuwa nimegeuzageuza jibu. Nikimwambia alishindwa, atarudi ili ashinde. Nikimwambia alishinda na hakuna ushahidi, atarudi ili athibitishe. Nilimtazama na zile nyaya za kifuani, nikachoka na hesabu.

"Ulimpita," nikasema. "Ulimpita kwa mbali. Niliiona namba kwa macho yangu, na sikuihifadhi. Kibao kilikuwa hapa, mkono wangu hapa, na nilichukua mguu wako. Halafu asubuhi hii nimekwenda nikamtia Binti Mfalme kwenye jiliwa nikamsaga. Kwa hiyo usiniulize tutajaribu lini."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane, nami nilikuwa na matusi yangu tayari, yamepangwa kwa safu. Aarni aliweka kijiko chini. Uso wake ulifanya kitu ambacho sijakiona tangu alipokuwa na miaka saba, mdomo ukijaribu kusimama sawa na kushindwa.

"Ulishuka peke yako?" akauliza.

"Peke yangu."

"Na mtungi ulikuwa bado humo?"

"Ulikuwemo."

Akanishika mkono, vidole vyake baridi, akanibana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi.

"Mlango uliuacha wazi?"

Nilimwambia niliuacha wazi, na nikawasha feni, na nikasimama nje kwanza nikangoja. Akaitikia kwa kichwa kwamba sawa, lakini mkono hakuuachia. Akaniuliza tena juu ya mlango, ili awe na hakika.